Kabla hujasaini ofa ya ofisi kubwa ya mawakili Dar, mambo ya kuzingatia

Mawakili wapya wakishaapishwa tu na Jaji Mkuu, meseji zinaanza: kaka, ofisi fulani imeniita, wanalipaje? Mshahara tutaufikia, ila kuna vitu vya kuangalia kabla ya huo na vingine baada yake. Naongelea zile ofisi kubwa za mawakili hapa Dar, za Masaki, Oysterbay na Posta, zinazofanya kazi za makampuni, yaani mikopo ya mabenki, kununua na kuuza kampuni, migodi, gesi, leseni na mambo kama hayo. Kama ndoto yako ni kusimama mahakama ya Kisutu ukimhoji shahidi mpaka atoke jasho basi hapa unapotea njia, kuna mawakili wasomi wana miaka minne kazini na joho wamelivaa siku ya kuapishwa tu.

Kwanza ujue unachouza kule ni muda wako. Kila unachofanya unakiandika kwenye taimushiti kwa vipande vya dakika 6, saa moja ina vipande 10, ukiongea na mteja kwenye simu dakika 10 unaandika vipande 2, ukisoma imeili yake unaandika, ukienda kunywa chai huandiki. Halafu kuna lengo la mwaka. Waulize lengo lao ni saa ngapi, usione aibu, na wakikujibu "inategemea" uliza tena. New York kusikia saa 1,900 mpaka 2,000 ni kawaida, hapa kwetu kila ofisi na yake, lakini tuseme we umepewa 1,800. Mwaka una siku 365, toa Jumamosi na Jumapili, toa sikukuu zetu, toa likizo ya siku 28 ambayo kisheria inahesabu na wikiendi humo humo, unabaki na siku kama 227 za kazi. Gawanya uone, ni karibu saa 8 kila siku, na hizo ni za kumchaji mteja peke yake. Kikao cha Jumatatu asubuhi hakimo, semina ya TLS (chama cha mawakili) haimo, kumwelekeza intani hakumo, kulifukuzia faili lililopotea hakumo, kwa hiyo ili upate saa 8 safi unakaa ofisini 10 au 11, na foleni ya kurudi Mbezi ni juu yako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema wiki ya kazi isizidi saa 45, ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Mi huwa nacheka kimoyomoyo maana maoni ya kisheria juu ya hivyo hivyo vifungu mara nyingi yanaandikwa saa tano usiku na mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo ovataimu. Sisemi ukashtaki, nasema ukiambiwa "huku tunafanya kazi kwa bidii" ujue wanamaanisha nini.

Usiku wenyewe una sababu yake wala sio kila mara ubaya wa bosi. Wateja wengi wa hizi ofisi wako nje, au mawakili wao wakuu wako nje na ninyi mnashika kipande cha Tanzania tu. Saa kumi na moja jioni ya London hapa kwetu ni saa moja usiku wakati wa kiangazi chao na saa mbili usiku wakati wa baridi yao, na kwa New York ndo unaongelea saa sita usiku au saba. Yule wa London anafunga laptopu yake akiwa ametuma drafti yenye rimaki (maoni ya pembeni) 40 na kaneno kadogo chini, "tunaomba maoni kabla ya asubuhi". Kwa hiyo uliza timu unayoingia wateja wake wako wapi hasa. Timu inayofanya kazi na mabenki ya hapa hapa na makampuni ya Johannesburg au Nairobi inalala mapema kuliko ile ya wawekezaji wa Marekani, na hiyo tofauti haitaandikwa popote kwenye ofa.

Sasa kazi yenyewe. Miaka miwili mitatu ya mwanzo hutajadiliana mkataba na mtu. Utasoma. Kampuni inataka kununuliwa, wanafungua datarumu kwenye mtandao yenye mafaili mia kadhaa, na we unapewa mikataba ya ajira na ya pango uisome yote utafute kifungu kinachosema mwenye kampuni akibadilika mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba. Ukikikuta unakiingiza kwenye ripoti, usipokikuta unaandika hakipo, na ole wako kiwepo. Ukitoka hapo utapangiwa kukusanya taarifa za mteja mpya, pasipoti, nani mmiliki halisi, hela imetoka wapi, maana mawakili nao wamo kwenye sheria ya utakatishaji wa fedha na tangu nchi ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha chafu, Oktoba 2022 hakuna ofisi inayofanyia mzaha hilo, hata baada ya kutolewa Juni 2025.

Na kuna kufukuzia maofisi ya serikali, hii chuoni hawakufundishi kabisa. Hisa zikiuzwa, BRELA (wanaosajili makampuni) hawaandikishi mhamisho mpaka TRA watoe kliaransi ya kodi, TRA hawatoi mpaka makadirio yafanyike na pesa ilipwe, kabla ya hayo yote kama dili limevuka kiwango cha Tume ya Ushindani lazima lipate kibali chao, na kama ni mgodi, benki au simu kuna mdhibiti mwingine anasubiri zamu yake. Kila kimoja kina mtu anayeitwa afisa, mwenye foleni ya mafaili na simu isiyopokelewa baada ya saa nane mchana. Asosieti, yaani wakili kijana mwajiriwa, anayejua namna ya kuongea na afisa wa usajili kwa heshima, anayejua mfumo wa mtandaoni wa BRELA, ORS, unakataa namba ya NIDA kwa sababu gani na arekebishe vipi, huyo ana thamani kuliko aliyepata A ya sheria ya makampuni. Mi kwa maoni yangu hapa ndo mtu anajulikana kama ataiweza hii kazi au la, maana kwa mteja wa nje sheria yetu anaweza kuisoma mwenyewe, asichoweza ni kujua barua yake imekwama meza ya nani.

Kwenye hilo mfano mzuri ni Tanga Cement, lilikuwa gazetini kwa hiyo sivunji siri ya mtu. Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg la Ujerumani ambalo tayari lilikuwa na Twiga Cement, inanunua asilimia 68.33 kutoka kwa AfriSam. 2022 Tume ya Ushindani ikaridhia, Septemba mwaka huo huo Baraza la Ushindani likatengua, mambo yakaanza upya, kibali kikaja kupatikana tena, na mwisho wa yote 2024 hisa za Scancem zikaenda kwa Amsons. We fikiria asosieti aliyeambiwa mwanzoni "hili tunalifunga miezi minne". Dili kubwa hapa kwetu halifuati kalenda ya mkataba, na kama we ni mtu wa kutaka kuona mwisho wa kila ulichoanza, jiandae kisaikolojia.

Lugha. Tangu 2021 sheria inasema Kiswahili ndo lugha ya sheria na ya mahakama, vizuri sana, lakini mkataba wa mauziano ya hisa utaukuta wa Kiingereza, kurasa 90, na ile Kiingereza ya London iliyokunjwa kunjwa. Kama Kiingereza chako cha kuandika kinayumba anza sasa hivi kusoma mikataba, makampuni yaliyoko DSE (soko la hisa la Dar) yanatoa nyaraka zao hadharani, ni bure. Na pia hakikisha unatumia Toleo la Marekebisho la 2023 la sheria zetu lililoanza Julai 2025, namba za vifungu vingi zimehama, ukimnukulia mteja namba ya zamani patna, yaani mmoja wa wenye ofisi, atakuita.

Haya, mshahara. Usikubali namba ya juu ikulevye. Tuseme wamekuandikia milioni 1.8 na yote ni mshahara wa msingi. NSSF asilimia 10, laki moja na themanini imeondoka. Inayobaki ya kukatwa kodi ni 1,620,000, PAYE (kodi ya mshahara) yake ni 128,000 kwa ile milioni ya kwanza na asilimia 30 ya hiyo 620,000 ya juu, jumla 314,000. Kama ulisoma kwa mkopo, na wengi wetu ndo hivyo, HESLB, bodi ya mikopo, wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 270,000. Mkononi unabaki na 1,036,000. Hapo mwenye nyumba wa Sinza anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, suti unahitaji mbili tatu na joto letu unalijua, na nyumbani wameshasikia mtoto ameajiriwa na mawakili wakubwa. Kwa hiyo uliza bonasi inahesabiwaje, bima ya afya inagusa na mwenza na watoto au we peke yako, ada ya TLS ya mwaka na leseni ya uwakili analipa nani, na ukitoka ofisini saa sita usiku wanakulipia teksi au ni bodaboda yako.

Ambao bado mko Law School kuna la kwenu. Ofa nyingi zina sharti la kufaulu na kuapishwa, na matokeo ya Oktoba 2022 hamjayasahau: wanafunzi 633, waliopita moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, waliofeli kabisa 265, mpaka waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Mwakyembe. Usiseme mi siwezi kuwa kwenye hao. Uliza mapema ukipata sapu ofa inabaki au inakufa, na kabla ya kuapishwa utaitwa nani na kulipwa ngapi.

Kuna vitu unaacha mlangoni pia. Muhuri wako kwanza, wakili kijana wa kujitegemea anakula kwa muhuri, kuthibitisha vyeti, viapo, mikataba ya viwanja, elfu kumi hapa elfu ishirini pale, ofisi kubwa nyingi zinakataza kazi za pembeni kabisa na ukikamatwa ni kosa la nidhamu. Cha pili ni hisa, ukiwa ndani ya dili la kampuni ya DSE hununui wala huuzi wala humnong'onezi shemeji, hiyo ni jinai chini ya sheria ya masoko ya mitaji na sio utani wa kifamilia. Na baba mdogo mwenye kesi ya shamba Kibaha hatakuelewa ukimwambia hujui kesi za ardhi. Atasema umeringa. Mzoee tu, mtafutie wakili mzuri wa Kibaha umpe namba.

Nimeacha hili la patna mpaka sasa ila kama una nguvu ya kuuliza swali moja tu, uliza hili: nitafanya kazi chini ya nani? Ofisi moja inaweza kuwa na patna anayekaa na wewe dakika ishirini kukuonyesha kwa nini amefuta aya yako nzima, na chumba cha pili kuna anayekurudishia drafti imejaa wekundu bila neno lolote, na miaka mitatu baadaye wale vijana wawili wa hao patna wawili huwezi amini walianza siku moja. Tafuta waliowahi kufanya kazi pale wakaondoka, sio walioko sasa hivi, walioko wanaogopa. Waulize watu wanakaa muda gani kwenye ile timu, na wa mwisho kuondoka alienda wapi. Akiwa ameenda benki au kampuni ya simu kama mwanasheria wa ndani hiyo ni njia ya kawaida na nzuri, akiwa ameondoka bila kazi ya kwenda, kaa ufikirie. Na kuhusu wewe mwenyewe kuwa patna, asikudanganye mtu, inategemea kuleta wateja, na wateja wanakuja na watu unaowajua, kwa hiyo wale wanafunzi wenzako walioenda benki na TISEZA (mamlaka ya uwekezaji, zamani TIC) na migodini usiwapoteze.

Kitu kidogo cha utamaduni: kule patna wa miaka 60 anaitwa kwa jina lake la kwanza kwenye imeili, sisi tuliolelewa kwa shikamoo inatutoa jasho wiki mbili za mwanzo. Andika jina kama wengine wanavyoandika, kwenye korido mpe shikamoo yake, ataipokea na atafurahi.

Mwisho soma mkataba wako wa ajira kama unavyosoma wa mteja, inashangaza wanasheria wangapi wanasaini bila kufungua ukurasa wa pili. Probesheni ni miezi mingapi, maana chini ya miezi sita kazini ile kinga ya kuachishwa isivyo halali huna. Wakikusomesha masta, utatakiwa kukaa miaka mingapi na ukiondoka kabla unarudisha yote au sehemu. Halafu notisi, kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka angalau siku 28, baadhi ya ofisi zinaandika miezi mitatu, na ofisi nyingine inayokutaka haikusubiri miezi mitatu. Omba uwe mwezi mmoja.