Kabla ya kununua kiti cha kukunja cha kulalia bustanini

Ukienda dukani kutafuta kiti cha kukunja cha kujinyoosha nje, beba sumaku ndogo mfukoni. Iguse kwenye fremu: ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Kwa mtu wa Dodoma au Nakuru chuma si kibaya, tena uzito wake hukizuia kupeperushwa na upepo. Lakini kwetu Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi hupenya palipochubuka rangi, na rangi huchubuka kwanza kwenye viungo vya kukunjia. Huku pwani chukua alumini, na bado kagua skrubu na ribiti zake, maana mara nyingi hizo ni za chuma.

Kisha kikunje na ukikunjue mwenyewe, ukilalie kabisa, ujigeuze ubavu. Kiungo kikicheza dukani, nyumbani kitalegea upesi. Muuzaji akikukataza kulala, nenda duka jingine.

Kitambaa cha wavu hukauka haraka baada ya mvua kuliko godoro la sponji, ambalo hushika maji na kuota ukungu. Wenye watoto, hakikisheni egemeo lina kizuizi imara. Vidole vidogo hubanwa papo hapo kwenye bawaba.