Jinsi ya kumwonjesha mtu muziki wa klasiki: kikao cha nyumbani Lamu

Kosa la kwanza la mpenzi wa muziki wa klasiki ni kutuma orodha. Anamrushia jamaa viungo ishirini kwenye WhatsApp, kuanzia Bach mpaka Shostakovich, naye jamaa anajibu kwa dole gumba. Hakuna alichosikiliza. Kipande kimoja kilichochaguliwa kwa ajili ya mtu fulani, kikasikilizwa chote mkiwa mmekaa pamoja, kinafanya kazi ambayo orodha haiwezi. Maelezo haya ni ya kikao cha watu wanne hadi wanane katika nyumba ya Lamu, kwa spika moja na simu moja, muziki wa nusu saa hivi na mazungumzo ya nusu saa nyingine.

Anzia alipozoea

Msikilizaji wa Lamu si mgeni wa muziki wenye ufundi. Amelelewa na udi na fidla za taarabu, na huenda nyumbani mna kanda za Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapo hapo Lamu, ambaye udi wake wenyewe ulikuwa unaongea. Basi anza na chombo kimoja cha nyuzi. "Recuerdos de la Alhambra" ya Mhispania Francisco Tárrega ni gitaa tupu, dakika nne au tano. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nzito huku vidole vitatu vikirudia noti ileile kwa kasi mpaka isikike kama uzi usiokatika. Mpiga udi hufanya karibu hivyo kwa kupeleka na kurudisha mkono haraka kwenye noti moja, kwa hiyo sikio linatambua ufundi kabla hujaeleza neno. Alhambra ni kasri la wafalme Waislamu kule Granada. Sentensi hiyo moja inatosha, usigeuze kikao kuwa darasa la historia ya Andalusia.

Cha pili kiwe Bach: Preludi, yaani kipande cha kufungulia, ya Suti ya 1 ya selo, BWV 1007 (namba za aina hii nazieleza mbele), dakika mbili na nusu. Selo ni fidla kubwa inayowekwa kati ya magoti. Hakuna ngoma, hakuna mwitikio, ni upinde mmoja tu, na bado unasikia kama wanaopiga ni wawili, kwa sababu Bach anaruka kutoka noti za chini hadi za juu na kurudi bila kupumzika. Ni fupi kiasi kwamba unaweza kuipiga mara mbili mfululizo. Fanya hivyo, mara ya pili ndiyo watu huanza kusikia.

Sasa ingiza okestra. Kwa mwambao huu sijui mlango mzuri kuliko "Scheherazade", Op. 35, ya Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov, ya mwaka 1888. Hadithi zake ni za Alfu Lela Ulela, ambazo wengi wamezisikia tangu utotoni, na mtunzi mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa majini aliyesafiri bahari za mbali kwa miaka kadhaa. Kazi nzima ina sehemu nne na huchukua kama dakika 45. Usiipige yote. Piga sehemu ya kwanza tu, ile ya bahari na jahazi la Sindbad, dakika kumi hivi, na uwape wasikilizaji vitu vitatu vya kushika. Mwanzo kabisa, tarumbeta nzito na nyuzi nene zinaingia pamoja kwa ukali: huyo Sultani. Baada ya kimya kidogo, fidla moja inapanda peke yake, kinubi kikiwa chini yake: huyo Shehrazadi, ndiye Scheherazade wa jina la kipande, anaanza kusimulia. Halafu nyuzi za chini zinaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka: mmeshaingia baharini. Siri yenyewe iko hapa, kwamba noti za Sultani zinarudi juu ya mawimbi hayo, ila sasa hazitishi, zimekuwa mwendo wa chombo. Atakayeinasa mwenyewe ameshajua nusu ya jinsi muziki huu unavyojengwa: wazo fupi linavalishwa nguo nyingine na kurudishwa.

Vya kuachwa kwa siku ya kwanza ni Simfoni ya 9 ya Beethoven, Mahler wa aina yoyote, mtunzi wa simfoni ndefu, na opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Opera si mbaya, ila sauti ya mwimbaji wake imezoeshwa kujaza ukumbi mkubwa bila maikrofoni, na kwa sikio lisilozoea hiyo ni kelele. Watu watacheka, na ukishachekwa ni kazi kurudi kwenye utulivu. Akitokea kijana wa kuuliza kama watu weusi wamo humu, mjibu kwa muziki. Wapo Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe na kuvuma Paris kwa fidla katika karne ya 18, Samuel Coleridge-Taylor wa London ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, na Fela Sowande wa Nigeria.

Kitaje kipande kwa jina kamili

"Ile ya Beethoven ya piano, ya huzuni" haitoshi. Andika mtunzi, kazi, namba, sehemu, mpigaji na muda. Kwa mfano: Beethoven, Sonata ya piano namba 14, Op. 27 namba 2, sehemu ya 1, jina la mpigaji, dakika 6. Hiyo ndiyo watu wanaiita ya mbalamwezi, jina ambalo Beethoven hakulitoa yeye; lilizagaa baada ya kufa kwake. Op. ni namba ya uchapishaji. Kazi za Bach hutajwa kwa BWV na za Mozart kwa K, ambazo ni namba za orodha ya kazi zao. Namba hizi ndizo za kutafutia, kwa sababu majina ya mitandaoni hudanganya. Minueti ya G inayopigwa na kila kinanda cha watoto kwa jina la Bach ni ya Christian Petzold. "Adagio ya Albinoni" iliandikwa na Remo Giazotto na kuchapishwa 1958. Epuka pia video za "Mozart wa saa nane wa kusomea" na zile zilizopunguzwa kasi na kuongezwa mwangwi. Hutajua ulichosikia, na mwenzako hataweza kukipata tena.

Chumba

Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, mita 3 au chini kidogo. Kuta mbili za chokaa zinazotazamana kwa karibu hurushiana sauti. Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia mtetemo wa "trrr" baada ya kofi, piano na fidla zitasikika zikikwaruza. Dawa ni vitu laini: tandika busati au zulia, tundika pazia zito au shuka upande mmoja, panga mito. Upande mmoja ukizibwa, ule mtetemo hukosa pa kurudi.

Spika iwekwe kwenye ncha fupi ya chumba, ikitazama urefu wake, juu ya kiti au stuli ili ilingane na masikio ya waliokaa. Wakiwa mkekani, sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni. Usiiingize kwenye kidaka, hata kama inapendeza humo: kidaka ni sanduku, nalo litaongeza mvumo wake. Spika kubwa isogee nusu mita kutoka ukutani na iepuke kona, la sivyo sauti nzito itafunika zote. Ile ndogo ya bluetooth ni kinyume chake, iegemeze karibu na ukuta, inahitaji msaada huo.

Hata hivyo kuna spika ndogo ambazo hakuna ukuta utakaoziokoa. Zijaribu kwa ile bahari ya Rimsky-Korsakov. Kama unasikia fidla juu na chini yake hakuna kitu kinachopanda na kushuka, spika imeumeza muziki nusu, na wageni watasema kwa haki kwamba kipande hakina utamu. Azima nyingine.

Darini chini ya makuti ni pazuri wakati wa demani. Kusi likivuma, upepo na makuti yenyewe vitakula kila palipo polepole, kaeni ndani.

Sauti, na kwa nini Bolero huharibu vikao

Nyimbo nyingi za redioni zina ukubwa mmoja wa sauti toka mwanzo mpaka mwisho. Za klasiki hazina. "Boléro" ya Ravel, ya 1928, huchukua kama robo saa: ngoma ndogo inaanza kwa kunong'ona, filimbi moja inaingia, na kila mzunguko unaongezewa vyombo bila kubadilisha mdundo. Mtu asiyejua ataongeza sauti dakika ya kwanza kwa kuwa hasikii kitu, na dakika ya kumi na tatu jirani atagonga mlango.

Kabla wageni hawajafika, peleka rekodi moja kwa moja kwenye dakika ya mwisho, palipo na kelele kuliko kwingine kote. Pandisha sauti mpaka iwe kubwa lakini bado isikere, kisha rudi mwanzo na usiiguse tena. Waambie watu mwanzo ni wa chini makusudi. Zima feni au iache namba moja, na kahawa imiminwe kabla au baada, maana vikombe vikigongana vinatosha kufunika ile filimbi. Waelekeze pia kama dakika tatu na nusu ndani, ambapo obo ya aina ya chini kidogo inashika zamu. Obo na zumari zote hupulizwa kwa ulimi wa tabaka mbili. Aliyecheza ngoma za hapa ataijua sauti hiyo ilivyo ya puani.

Kwenye simu: pakua vipande mapema, kwa sababu tangazo likiingia katikati ya Bach kikao kimekwisha. Weka hali ya ndege kisha uwashe bluetooth peke yake. Zima uchanganyaji wa mpangilio, usije ukapata sehemu ya tatu kabla ya ya kwanza. Zima pia kiongeza besi na kile kinachounganisha mwisho wa kipande na mwanzo wa kinachofuata. Chaji simu na spika, stima haiagi ikienda.

Wakati na majirani

Baada ya Isha, tuseme saa mbili na nusu usiku, mpaka saa nne. Spika ikae ndani, si kwenye baraza ya nje, kwani kichochoro hupeleka sauti mbali. Uliza kwanza kama mtaani kuna msiba. Ukiwepo, ahirisha bila mjadala. Wapo pia wasiopenda ala za muziki kwa sababu za dini, na mwaliko uwe wa kumwachia mtu nafasi ya kukataa bila aibu.

La kusema na la kunyamazia

Sentensi mbili kabla ya kila kipande: ni nini na kinachukua dakika ngapi. Muda ni muhimu, mtu akijua ni dakika kumi huvumilia kumi. Kikianza, nyamaza. Kusema "sikiliza hapa, hapa!" humfanya akusikilize wewe.

Mzee akiuliza, "Hawa mbona hawaimbi?" mjibu, "Hapa fidla ndiyo mwimbaji, mzee wangu," na mpigie tena ile sehemu ya Shehrazadi. Mpiga udi ataleta hoja ngumu zaidi: piano haina ladha. Ana haki. Piano ina noti 12 zilizofungwa katika kila oktava, na maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zinataka noti zilizo katikati ya hizo. Usibishane, mwonyeshe ilichopewa piano badala yake, yaani sauti kadhaa zinazokwenda kila moja na njia yake kwa wakati mmoja. Mpigie Nokteni ya Chopin, Op. 9 namba 2, na umwombe aache wimbo wa juu, afuate mkono wa kushoto peke yake.

Kesho yake mtumie kila mtu kile alichokiulizia, hicho tu, na dakika yenyewe: "Dakika ya pili, fidla inapoingia." Andika jina kamili chini ya kiungo, viungo hufa. Ukituma faili yenyewe, dakika kumi kwa kbps 128 (kipimo cha ubora wa faili ya sauti) ni karibu MB 10, na kwa 320 ni MB 24. Kwa spika ya bluetooth na bando la siku, ile ndogo inatosha.