Uanagenzi wa TEHAMA Ukiwa Bado Chuoni: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Shahada Aliyeko Dodoma

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2015, kijana anaweza kusomea shahada ya teknolojia ya habari huku akiwa ameajiriwa: analipwa mshahara, hadaiwi ada, na muda wake umegawanywa kati ya ofisi na chuo. Hapa kwetu Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imeendesha uanagenzi pacha, yaani mafunzo yanayogawanywa kati ya chuo na kazini, katika fani za ufundi, lakini kwa mwanafunzi wa shahada ya TEHAMA mlango ulio wazi zaidi ni mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi wote huyaita fildi. Ninaamini kabisa kwamba fildi inaweza kuwa uanagenzi wa kweli, ilimradi mwanafunzi aipange mwenyewe mapema na aombe kukabidhiwa kazi, badala ya kuhudhuria tu ili saini zitimie.

Mwanafunzi wa Dodoma ana bahati ambayo wenzake wa mikoa mingi hawana. Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 ilikuja na vitengo vyake vya TEHAMA, na leo wizara ziko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ina makao yake hapa, na jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Hata hivyo, sikushauri ukimbilie jina kubwa pekee. Katika ofisi yenye wanafunzi wengi wa fildi unaweza kushinda umekaa nyuma ya mtu anayefanya kazi, ilhali katika halmashauri, chama cha akiba na mikopo (SACCOS) au kampuni ndogo ya intaneti yenye maofisa wawili, utapewa kazi siku ya pili kwa sababu mikono haitoshi.

Anza kuomba nafasi miezi kadhaa kabla ya muhula kufungwa. Barua haiandikwi kwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, bali kwa mkuu wa taasisi: Katibu Mkuu kwa wizara, Mkurugenzi kwa halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji au Meneja kwa kampuni. Ambatisha barua ya utambulisho kutoka chuoni, taja tarehe za kuanza na kumaliza, kisha eleza kwa sentensi mbili au tatu unachoweza kufanya sasa hivi, kwa mfano kwamba umewahi kutengeneza hifadhidata ya duka au kufunga mtandao mdogo. Ukiipeleka kwa mkono, nenda na nakala ya pili igongwe muhuri wa masjala. Nakala hiyo yenye tarehe ndiyo itakayokusaidia utakaporudi kuulizia, kwa kuwa barua hupita meza nyingi kabla ya kumfikia atakayekupokea.

Fedha nazo zipangwe mapema. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini usijenge mipango yako juu ya matumaini kwamba itaingia kabla ya siku ya kwanza. Anayeishi karibu na chuo na kuripoti Mtumba kila asubuhi atalipa nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana, kwa wiki zote za mafunzo.

Ukishapokelewa, jambo lenye uzito kuliko yote ni kuzungumza na msimamizi wako wa kazini katika wiki ya kwanza na kumwomba kwa heshima akukabidhi jambo moja dogo ulibebe tangu mwanzo hadi mwisho. Laweza kuwa kuorodhesha kompyuta zote za idara na hali zake, kujaribu kama nakala rudufu za mafaili kweli zinarejesheka, au kutengeneza fomu ya kupokea maombi ya msaada wa kiufundi. Jambo dogo lililokamilika litakufundisha kuuliza mtumiaji anataka nini, kukosolewa, kurekebisha na kukabidhi, na hayo hayapatikani kwa kutazama.

Usidharau kazi ya kuitwa kila mara kwa sababu printa haifanyi kazi au intaneti imekatika. Tuseme mhasibu anasema kompyuta yake haina mtandao. Kagua kwanza kebo na taa za swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, kisha angalia anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ukikuta inaanza na 169.254, kompyuta hiyo imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu kutoka kwenye seva inayogawa anwani, kwa hiyo kubadilisha mipangilio ya kivinjari ni kupoteza muda. Waulize majirani zake: ikiwa wao wanapata mtandao, chunguza kebo yake na tundu la swichi; ikiwa ofisi nzima imekosa, nenda kwenye swichi, ruta au seva yenyewe. Huo ndio utaratibu wa fundi, wa kupunguza mahali pa kutafuta hatua kwa hatua, na mhadhara peke yake haumjengei mtu tabia hiyo.

Daftari la kumbukumbu lijazwe siku ileile. Kuandika “leo nilijifunza mtandao” hakumsaidii msimamizi wa chuo atakapokutembelea, wala wewe mwenyewe utakapoandika ripoti. Andika hivi: “Kompyuta mbili za uhasibu zilikosa mtandao, anwani zilianza na 169.254, nilihamisha kebo hadi tundu jingine la swichi, mtandao ukarudi, tundu la awali limewekwa alama ya ubovu.” Dalili, ulichokiona, ulichokifanya na matokeo: mambo hayo manne yakitimia, ukurasa mmoja una thamani kuliko wiki nzima ya maneno ya jumla.

Kuna mipaka ambayo mwanagenzi hapaswi kuivuka hata kwa nia njema. Usitumie nywila ya mtu mwingine, hata akikupa mwenyewe ili kuokoa muda. Omba akaunti yako. Usibadilishe kitu kwenye mfumo unaotumika kabla ya kukijaribu pembeni na kupata ruhusa. Taarifa za wagonjwa, watumishi au walipakodi zisitoke ofisini kwenye flashi yako, na msimbo wa programu za taasisi usipandishwe kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, ili kupamba wasifu wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinamhusu mwanafunzi kama zinavyomhusu mwajiriwa.

Wiki ya mwisho iwe ya makabidhiano. Andika maelezo ya kurasa chache kuhusu kazi uliyoibeba, ili atakayekuja aendelee nayo, hakikisha daftari limesainiwa na kugongwa muhuri, omba akaunti zako zifungwe, na muulize msimamizi kama ataridhia jina lake liandikwe miongoni mwa wadhamini kwenye wasifu wako. Muulize pia ni tatizo gani la ofisi halijapata ufumbuzi, kwa sababu hilo laweza kuwa mradi wako wa mwaka wa mwisho, nawe utakuwa na sababu halali ya kurudi kuwahoji watumiaji. Ukishahitimu, jisajili katika programu ya utarajali, yaani mafunzo ya kazini kwa wahitimu, inayoratibiwa na Serikali, na katika maombi yako itaje kazi hiyo moja uliyoikamilisha, matokeo yake na jina la taasisi iliyokukabidhi.