Octave na PARI/GP kwenye kompyuta ya chuo bila nenosiri la msimamizi

Mwanafunzi wa mwaka wa 3 alinifuata ofisini akiwa na flashi mkononi na uso wa mtu aliyekesha. Projekti yake ni modeli ya malaria, ile ya Ross na Macdonald, na kodi yote ameiandika kwa mtindo wa MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia. Leseni ya MATLAB kwenye maabara imeisha, laptop hana, na kila akijaribu kusakinisha Octave, programu ya bure inayosoma kodi ya MATLAB, kunatokea kiboksi kinachodai nenosiri la msimamizi. "Mwalimu, sasa si bora nibadilishe mada?"

Hakubadilisha mada. Ilituchukua alasiri mbili, na ya kwanza ilipotea yote kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo nalieleza kwenye hatua ya 4. Yote haya ni ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye maabara nyingi nilizopita.

Kabla ya yote, elewa kiboksi kile kinaomba nini. Kinaomba ruhusa ya *kusakinisha*: kuandika kwenye Program Files na kwenye kumbukumbu za mfumo mzima. Programu nyingi huria za hesabu hazihitaji hayo. Zinataka folda ya kukaa tu, basi. Kwa hiyo tunatafuta zile zinazokubali kukaa kwenye folda yako.

Hatua ya 1: Soma kanuni za maabara, kisha ongea na fundi

Najua utairuka. Usiiruke. Kuna maabara ambako kuendesha programu kutoka kwenye flashi kumekatazwa kwa maandishi, na adhabu ni kufungiwa akaunti wiki ya kuwasilisha kazi.

Tofautisha onyo na katazo. Ukifungua programu uliyoipakua, Windows ikasema haiitambui, hilo ni onyo. Unabonyeza "More info", kisha "Run anyway", ukiwa na uhakika umeipata wapi. Lakini ikisema programu imezuiwa na msimamizi, hapo kuna sera iliyowekwa makusudi na mtu. Usianze kubadilisha majina ya mafaili ili kuizunguka. Nenda kwa fundi, mwambie unahitaji GNU Octave, ni ya bure, leseni yake ni GPL, na mwoneshe ukurasa wa octave.org. Nimeona mafundi wakiisakinisha siku hiyohiyo, maana hakuna aliyewahi kuwaomba.

Hatua ya 2: Jiulize kama unahitaji programu yoyote

Kama unataka kukokotoa integrali tatu na kuchora grafu moja, fungua sagecell.sagemath.org kwenye kivinjari. Unaandika, unabonyeza, jibu linakuja. Juu ya Sage yenyewe (programu huria ya hesabu inayoendesha ukurasa huo), unaweza kuchagua Octave, R, Maxima, GAP au GP hapohapo. Haitunzi kazi yako na hesabu ndefu inakatwa njiani, kwa hiyo nakili kila kitu kwenye faili lako kabla hujafunga.

Hatua ya 3: PARI/GP, kwa watu wa nadharia ya namba

Hii ndiyo programu ninayoipenda kuliko zote, na sitajifanya sina upendeleo. Ilianzia Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1985, mikononi mwa Henri Cohen na wenzake. Kwa Windows kuna toleo la faili moja tu, la megabaiti chache. Lipakue kutoka pari.math.u-bordeaux.fr, liweke kwenye flashi, libofye mara mbili. Umemaliza. Jaribu:

`factor(2^67-1)`

Utapata 193707721 na 761838257287 kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole aliwaonesha wanahisabati wenzake vigawo hivyohivyo, baada ya kuvihangaikia kwa mkono miaka.

Ikikulalamikia kwamba stack (kumbukumbu iliyojitengea) imejaa, andika `default(parisizemax, "1G")` uendelee. Ukitaka kila unachofanya kihifadhiwe, anza na `\l kazi.log`. Kutoka ni `\q`.

Hatua ya 4: Octave, na hapa kaa chini

Kwenye ukurasa wa kupakulia Octave ya Windows utaona mafaili ya aina tatu: la .exe, la .zip na la .7z. Lile la .exe ndilo linaloomba nenosiri. Achana nalo. Mengine mawili yana Octave ileile, ila imekunjwa; unaikunjua unapotaka na unaiendesha. Chukua la .7z, ni dogo zaidi, na kwa bando letu kila megabaiti ni hela. Pakua usiku au kwa Wi-Fi ya maktaba.

Sasa kosa langu. Nilichukua la .zip, nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, nikamwambia Windows ikunjue palepale kwenye flashi. Octave ikikunjuliwa ni maelfu kwa maelfu ya mafaili madogomadogo, na flashi za kawaida hufa ganzi kwenye mafaili madogo, hata kama zinabeba filamu moja kubwa kwa dakika chache. Saa ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Saa kumi na mbili jioni mlinzi akaja kufunga maabara, mstari wa kijani ukiwa katikati. Nikachomoa. Kesho yake Octave ilifunguka nusu: dirisha linakuja, lakini `pkg load`, amri ya kuita vifurushi vya nyongeza, inasema haioni kitu, na grafu hazitoki. Nikatumia saa nyingine nikidhani tatizo ni toleo la programu, kumbe mafaili hayakuwa yamekamilika.

Funzo la kwanza: flashi ibebe faili lililokunjwa, na ukunjuaji ufanyike kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Dakika chache tu, hata kwenye mashine nzee.

Ila usikunjue popote tu kwenye diski. Desktop na Documents hazifai. Kwenye vyuo vingi folda hizo hazikai kwenye mashine uliyoikalia. Ziko kwenye seva, au zinanakiliwa kwenda seva kila unapotoka kwenye akaunti. Ukiweka Octave nzima hapo, unajaza nafasi uliyogawiwa, na siku ukitoka utakodolea macho maneno ya kusubiri mpaka uchoke. Mahali pazuri ni AppData\Local, kwa kuwa kwa kawaida haisafiri kwenda kwenye seva. Imefichwa, lakini ukiandika `%LOCALAPPDATA%` kwenye sehemu ya anwani ya dirisha lolote la mafaili, inafunguka.

Hapo nako kuna mtego. Njia ya folda hiyo ina jina lako la akaunti. Kama chuo kimeandika jina lako na la baba likiwa na nafasi katikati, Octave inaweza kuleta tabu, hasa kwenye vifurushi, kwa sababu haipendi nafasi kwenye njia yake. Isitoshe, Windows kwa desturi haitaki njia inayozidi herufi 260 hivi, na ndani ya Octave kuna folda zilizojificha ndani ya folda kama vitunguu.

Dawa ya yote mawili ni amri ya zamani iitwayo `subst`. Inaipa folda herufi ya diski, na haiombi nenosiri la mtu. Mimi natumia X, kwa kuwa sijawahi kukuta flashi iliyopewa X.

Kikwazo kingine ni kuikunjua .7z. Kompyuta nyingi za maabara hazina 7-Zip. Pakua 7zr.exe kutoka tovuti ya 7-zip.org, ni faili moja, halisakinishwi, na kazi yake ni mafaili ya .7z peke yake. Weka kwenye flashi vitu vitatu: 7zr.exe, faili la Octave ulilolipa jina octave.7z, na faili la maandishi liitwalo anza.bat lenye mistari hii:

`mkdir "%LOCALAPPDATA%\hesabu"`
`subst X: "%LOCALAPPDATA%\hesabu"`
`"%~dp07zr.exe" x "%~dp0octave.7z" -oX:\`

Hiyo `%~dp0` inamaanisha "pale faili hili lilipo", kwa hiyo haijalishi kama leo flashi imeitwa E na kesho F. Na kwenye `-oX:\` usiweke nafasi baada ya herufi o. Nafasi hiyo moja ilinila nusu saa.

Bofya anza.bat, subiri imalize. Ndani ya X: utaona folda ya Octave. Ifungue, endesha post-install.bat kwanza, mara moja tu, iache imalize kazi yake ya kupanga orodha ya vifurushi. Wengi huiruka kisha wanashangaa `pkg load statistics` inakataa. Baada ya hapo fungua octave-launch.exe, kwenye matoleo ya zamani kidogo utakuta octave.vbs.

Kuna maabara ambako kompyuta hujirudisha zilivyokuwa kila zinapowashwa. Umeikunjua leo, kesho haipo. Hapo anza.bat ndiyo inayokuokoa: unaibofya, unaenda kunywa chai, ukirudi Octave ipo. Kama mashine yako haijifuti, kesho unachohitaji ni mstari wa `subst` tu, maana herufi X hupotea ukitoka kwenye akaunti ingawa folda inabaki.

Hatua ya 5: Hakikisha inafanya kazi kabla ya kuiamini

Usianze na projekti yako. Anza na kitu ambacho jibu lake unalijua. Nilimpa huyu kijana modeli yake mwenyewe kwa namba za mfano:

`f = @(t,x) [0.3*x(2)*(1-x(1))-0.05*x(1); 0.2*x(1)*(1-x(2))-0.1*x(2)];`
`[t,x] = ode45(f,[0 200],[0.01;0]);`
`plot(t,x)`

Mstari wa watu unatakiwa utulie karibu na 0.79 na wa mbu karibu na 0.61. Unaweza kuthibitisha kwa kalamu: weka mabadiliko yote mawili kuwa sifuri, utapata 0.055 gawanya kwa 0.07 kwa upande wa watu. Grafu ya kwanza huchelewa, usiogope. Ikija dirisha jeupe tupu, andika `graphics_toolkit("gnuplot")` urudie.

Kodi yake ya MATLAB ilipita karibu yote bila kuguswa. Iliyokwama ni mistari ya `addpath('E:\projekti')`, kwa sababu siku hiyo flashi ilikuwa F. Kazi yako ikae kwenye folda moja, uifungue Octave ukiwa ndani yake, na usiandike herufi ya diski popote kwenye kodi.

Hatua ya 6: Ukihitaji Sage nzima

Usihangaike nayo kwenye Windows ya maabara. Matoleo ya sasa yanapitia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), na kuiwasha WSL kunahitaji nenosiri lilelile usilonalo. Kama idara ina seva ya Linux, omba akaunti, ingia kwa `ssh` (Windows 10 na 11 huja nayo), kisha tumia micromamba, kisakinishi cha programu ambacho ni faili moja na hakihitaji ruhusa ya mkuu wa seva:

`micromamba create -n sage -c conda-forge sage`

Angalia nafasi yako kwa `quota -s` kabla, kwa kuwa itameza gigabaiti kadhaa. Na chagua folda yake mapema kwa `MAMBA_ROOT_PREFIX`: ukishaiweka mahali huwezi kuihamisha kwa `mv`, njia zimeandikwa ndani ya mafaili yake, itavunjika. Anaconda kamili, furushi kubwa la programu za aina hiyohiyo, siipendekezi kwa mtu aliyepewa nafasi ndogo. Inakuja na mizigo ya watu wengine.

Hatua ya 7: Flashi yenyewe

Flashi za maabara zinabeba virusi kama daladala inavyobeba abiria. Siku unapopakua, ukiwa kwenye mashine unayoiamini, andika:

`certutil -hashfile octave.7z SHA256`

Itatoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole ya faili. Nakili herufi nane za mwanzo na nane za mwisho kwenye daftari. Baada ya wiki kadhaa za kuzungusha flashi stationery na maabara, rudia amri. Zikitofautiana, faili limeharibika au limeguswa. Futa, pakua upya. Fanya hivyo pia kwa 7zr.exe na faili la PARI/GP, maana virusi hupenda kujibandika kwenye .exe.

Ukimaliza kwenye mashine isiyo yako, nakili kazi kwenye flashi kwanza, ndipo:

`subst X: /d`
`rmdir /s /q "%LOCALAPPDATA%\hesabu"`

Mpangilio huo usiugeuze. Kijana wangu aliugeuza, na sura yake ya 4 ilikuwa ndani ya X.