Kupata kanisa la Kiswahili Kent, Washington

Umehamia Kent, kusini mwa Seattle, na unatafuta kanisa? Usiamini kibao cha nje. Sharika nyingi za wahamiaji hazina jengo lao. Hupanga kwa kanisa la Wamarekani na kuingia wenyeji wakishatoka, kwa hiyo ukipita asubuhi utaona jina la mwenye nyumba tu na kudhani Waswahili hawapo. Wapo, ila wanaanza mchana.

Anzia duka la Waafrika, pale unaponunua unga wa ugali na dagaa. Soma matangazo yaliyobandikwa karibu na kaunta, kisha muulize muuzaji nani anasali wapi. Mara nyingi utaondoka na namba ya simu ya mama mmoja anayejua kila kwaya mjini.

Ukipiga, uliza saa vizuri. Mimi niliona tangazo "Ibada saa 8", nikadhani wameandika kwa saa za Kimarekani. Nikafika alfajiri ya Mungu na suti yangu, mlango umefungwa, baridi inakata masikio. Kumbe ni saa nane mchana ya kwetu! Uliza pia usafiri, maana Jumapili mabasi ni machache. Wasabato, ninyi ulizieni Jumamosi.

Mahubiri mazuri yasikuharakishe kujiandikisha. Baki mpaka chai. Kama Jumapili ya tatu bado hakuna aliyekuuliza unaishi wapi, jaribu kwingine. Na kama una watoto, chungulia darasa lao: wengi wao hupendelea Kiingereza.