Kabla ya Kuyapa Kibali Magari Yasiyo na Dereva, Yapimeni kwa King'ora

Nimeendesha gari la wagonjwa miaka 19. Mkiniita kwenye kamati inayojadili kibali cha magari yanayojiendesha mjini, sitaanza na kamera zake. Nitaanza na king'ora, nanyi anzeni hapo.

Liwekeni gari hilo kwenye barabara nyembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili, kisha gari la wagonjwa lije nyuma yake likipiga king'ora. Dereva wa kawaida huvunja sheria kidogo ili nipite: hupandisha tairi moja kwenye njia ya miguu, au husogea makutanoni hata taa ikiwa nyekundu. Mimi hutazama shingo yake. Akigeuka kuangalia kioo, najua amenisikia, nakanyaga mafuta. Gari lisilo na dereva halina shingo ya kutazama, na likiingiwa na shaka husimama. Hapo ndipo linaponifungia njia, na nyuma yangu amelala mtu anayepumua kwa mashine. Shikeni saa: linachukua sekunde ngapi kupisha? Rudieni usiku, rudieni mvua ikinyesha, rudieni taa zikiwa zimezimika na askari anaongoza magari kwa mkono.

Kampuni itawaambia kwamba gari likipata hitilafu hujiweka pembeni. Waulizeni kuhusu San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023. Mwanamke aligongwa na gari lenye dereva, akarushwa mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise. Lilifunga breki, likamgonga, likasimama, kisha likajisogeza pembeni huku likimburuta kama mita 6, kwa kuwa halikutambua kwamba yuko chini yake. Binadamu angeshuka kwanza akatazama. Tarehe 24 mwezi huohuo mamlaka ya magari ya jimbo la California ilisimamisha vibali vya Cruise, ikasema pia kwamba kampuni ilipotosha taarifa za usalama. Basi kibali chenu kidai video nzima ya kila ajali, si kipande.

Upande wa sheria, Mkataba wa Vienna wa 1968, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani, ulitaka kila chombo kinachotembea kiwe na dereva, na sheria nyingi za barabarani bado zinamtafuta mtu huyo. Faini aandikiwe nani? Uingereza, kwa sheria yake ya 2024, imeitwisha mzigo kampuni iliyoidhinishwa kuwajibika kwa gari. Ninyi liandikeni hilo kabla ya safari ya kwanza.

Tena daini namba ya simu ubavuni mwa gari, na njia ya sisi watu wa dharura kulisukuma likigoma. Ipigeni namba hiyo saa tisa usiku, bila kuwaarifu, mwone kama anapokea mtu.