Jalidi (barafu nyembamba inayoganda juu ya mimea usiku) ya kwanza: tazama anga jua likizama
Mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika (Septemba kaskazini mwa dunia, Machi kusini) mchana bado una joto, lakini usiku unarefuka na ardhi hupoteza joto kwa saa nyingi zaidi. Usitulizwe na utabiri wa nyuzi 3. Kipimo hicho huchukuliwa kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, kwenye majani yenyewe joto huweza kushuka chini ya sifuri. Bondeni ni hatari zaidi, maana hewa baridi ni nzito: hutiririka kama maji na kutuama.

Mwagilia mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Funika mimea kabla jua halijazama, kitambaa kifike chini pande zote. Ukikifunga shinani umeharibu kazi, kwani joto linalookoa mmea hutoka ardhini. Nailoni ikigusa jani, jani huungua kwa baridi. Inyanyue kwa vijiti. Asubuhi funua mara jua linapopasha.